Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuendesha Jumuiya ya Kujifunza ya Walimu Katika Shule ya Sekondari ya Serikali

Malalamiko ninayoyasikia kutoka kwa walimu wa sekondari wa Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi visiwa vya Ukerewe, yanafanana mno. Shule ilianzisha jumuiya ya kujifunza, yaani kundi la walimu wanaokutana kuboresha ufundishaji wao, kama Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) yanavyoelekeza, walimu wakakutana mara tatu au nne kwa moyo mmoja, kisha kikao kikageuka kuwa cha matangazo ya mitihani na michango ya misiba, na ilipofika likizo ya Juni hakuna aliyejua daftari la kumbukumbu lipo katika kabati gani. Mwaka uliofuata walianza upya, wakaishia palepale.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya shule hizo. Unachukulia kwamba mna walimu wachache, hasa wa hesabu na sayansi, kwamba mkondo mmoja unaweza kuwa na wanafunzi 60 au zaidi, na kwamba hakuna fungu la fedha lililotengwa kwa kazi hii. Nimefundisha hesabu na kuongoza jumuiya katika mazingira hayohayo. Ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba jumuiya hudumu pale walimu wanapotazama kwa pamoja namna wanafunzi wao wanavyojifunza mada fulani, kisha wakalibadilisha somo hilo kabla ya kulifundisha tena. Kikao kisichogusa kazi ya mwanafunzi hakina cha kuwarudisha walimu wiki inayofuata.

## Mahitaji

Andaeni vitu hivi kabla ya kikao cha kwanza:

- Kaunta buku moja ya kumbukumbu, itakayokaa ofisi ya walimu mahali panapofikika na kila mmoja.
- Karatasi 30 za majibu ya wanafunzi kutoka katika jaribio lililokwisha kufanyika, za mkondo mmoja na somo moja.
- Muhtasari wa somo na kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania.
- Vipindi viwili vinavyofuatana kwa wiki, yaani dakika 80, vilivyoandikwa kwenye ratiba ya shule.
- Kundi la walimu 3 hadi 6 wanaofundisha somo moja au masomo yanayokaribiana. Shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia imuunganishe na wa hesabu na wa kemia.
- Saa, au simu ya kusomea dakika.

Projekta si lazima, wala mgeni rasmi. Nimeona jumuiya nzuri ikifanyika chini ya mwembe kwa sababu ofisi ilikuwa imejaa madaftari.

## Hatua ya 1: Pateni ulinzi wa Mkuu wa Shule kwa maandishi

Kiongozi wa jumuiya hana mamlaka ya kubadilisha ratiba wala ya kumzuia mtu yeyote kumpangia mwalimu kazi nyingine saa ya kikao. Mamlaka hayo yako kwa Mkuu wa Shule, kwa hiyo mwendeeni kwanza mkiwa na ombi fupi lililoandikwa.

Ombeni vipindi viwili viingizwe kwenye ratiba kama vipindi vingine vyote, visiwe vya "tukipata nafasi". Ombeni pia kwamba maelezo atakayoandika mwalimu anapotazama somo la mwenzake yasitumike kwenye tathmini ya utendaji ya PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima kazi ya watumishi, wala kwenye barua ya kumtaka mtu ajieleze. Hili la pili ndilo zito. Mwalimu akishahisi kwamba mlango aliomfungulia mwenzake unafika hadi kwenye jalada lake, ataufunga, na hautafunguka tena mwaka huo.

Mkuu mwenyewe anakaribishwa kikaoni, lakini akae kwenye kiti cha kawaida kama mwalimu wa somo lake, na asitoe tangazo hata moja. Wakuu wengi hukubali wakielezwa sababu. Akikubali kwa mdomo tu, msianze bado, kwa kuwa ahadi ya namna hiyo huvunjika siku ya kwanza ujumbe wa ghafla unapotoka halmashauri.

## Hatua ya 2: Chagueni kiongozi ambaye wenzake humwendea

Shule nyingi humpa kazi hii mwalimu wa taaluma, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Mwalimu wa taaluma ndiye anayepitia maazimio ya kazi na maandalio ya masomo. Ni kazi yake na anaifanya kwa haki. Lakini mwalimu mwenzake hawezi kumweleza waziwazi mtu huyohuyo kwamba mada ya logarithimu inamshinda. Mpeni nafasi ya kushiriki, na kiongozi awe mwingine.

Tafuteni mwalimu ambaye wenzake humwendea mezani wanapokwama. Kwa kawaida anajulikana bila kupiga kura, na mara nyingi si mkubwa kwa cheo. Awe mtu anayeweza kumsikiliza mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu na kijana aliyeripoti kazini juzi, na wote wawili wakaondoka bila kujiona wamedharauliwa.

Kuhusu posho, semeni ukweli tangu mwanzo kwamba haipo. Wapo watakaonung'unika, na wana sababu, maana tumezoeshwa kwamba neno mafunzo huja na bahasha. Badala yake mwombeeni kiongozi kitu ambacho shule inaweza kukitoa, kwa mfano kupumzishwa zamu ya wiki mara moja kwa muhula. Muda ndio mali anayoikosa.

## Hatua ya 3: Wekeni siku inayoendana na maisha ya shule yenu

Ijumaa mchana isiguswe. Waislamu wanakwenda kuswali, na walimu wa visiwani wenye familia mjini wanaiwahi meli. Jumatatu nayo humezwa na mstarini na taarifa za zamu. Jumanne na Alhamisi ndizo zinazodumu.

Shule zilizo karibu na mialo, yaani mahali wavuvi wanapopakua samaki, zina jambo la ziada. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku ambazo mwezi haupo wavulana kadhaa hufika shuleni wakiwa hawajalala, au hawafiki kabisa. Mbalamwezi ikirudi, mahudhurio nayo hurudi. Fungueni daftari la mahudhurio la miezi mitatu mkiwa na kalenda ya mwezi pembeni, na mtaliona jambo hili kwa macho yenu. Masomo ya kutazamwa yapangeni katika siku za mbalamwezi, na wiki za giza zitumieni kwa kazi ya mezani ya Hatua ya 4 na ya 5. Hilo halina maana ya kuwaacha watoto wa mwaloni: orodha ya waliokosa iandikwe, na mada waliyoikosa irudiwe nao kabla ya jaribio.

## Hatua ya 4: Anzieni kwenye karatasi za wanafunzi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama jumuiya itaishi. Kikao cha kwanza kisianze kwa mada iliyoletwa kutoka nje. Kianze kwa karatasi 30 mezani.

Chagueni karatasi bila kutafuta za wanafunzi bora, chagueni swali moja tu, na msiangalie alama. Kila mwalimu asome karatasi kadhaa, kisha zigawanywe katika mafungu matatu: mwanafunzi ambaye hakuelewa swali lilivyoulizwa, ambaye hakuijua dhana, na ambaye aliijua dhana akakosea hatua ya kazi.

Nitatoa mfano niliouona kwa karibu. Swali la Kidato cha Pili lilitaka kurahisisha 3 − 2(x − 4). Zaidi ya nusu ya karatasi zilikuwa na mstari huu: 3 − 2x − 8. Mimi nilikuwa nimeshazisahihisha, nimeweka sifuri, na pembeni ya nyingine nimeandika kwamba mwanafunzi awe makini. Mwenzangu wa fizikia alizitazama kwa muda, akaniuliza ni kwa nini watoto wasiokaa pamoja wamekosa umakini mahali palepale. Sikuwa na jibu. Tulipofuatilia tukaona kwamba wanafunzi walizidisha 2 na 4 vizuri kabisa, ila alama ya kutoa iliyo mbele ya 2 waliiacha nje kana kwamba si ya namba hiyo. Kwao iliyokuwa ikizidishwa ni 2, wakati sisi tulidhani tumewafundisha kwamba ni −2, na −2 ikizidishwa na −4 hutoa +8. Kosa hilo lilikuwa limetoka kwenye ubao wangu, kwa kuwa nilizoea kusema "fungua mabano" bila kuonesha ni namba gani inayoingia ndani.

Fungu la kwanza, la wasioelewa swali, msilipuuze. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ametoka kusoma kwa Kiswahili miaka saba, sasa anaulizwa kwa Kiingereza, na wapo wanaoijua dhana vizuri ila hawatofautishi swali linalotaka kutaja na linalotaka kueleza. Karatasi ikionekana imekosea dhana, mwiteni mwenye nayo mumuulize swali lilelile kwa Kiswahili. Akijibu sawasawa, mnachopaswa kufundisha ni lugha ya swali.

Mwisho wa kikao andikeni sentensi moja kwenye kaunta buku. Sentensi kama "wanafunzi hawana msingi" haifai, maana haimwambii mtu afanye nini kesho asubuhi. Inayofaa ni hii: "Wanafunzi wa 2B wanazidisha namba iliyo nje ya mabano lakini hawaibebi alama yake ya kutoa." Mkiweza kuandika sentensi ya namna hiyo katika kikao cha kwanza, mmefaulu hatua hii.

## Hatua ya 5: Andaeni somo moja kwa pamoja

Wiki inayofuata andaeni kipindi kimoja cha dakika 40 kinachoshughulikia sentensi ile, wala msijaribu mada nzima. Jiulizeni mwanafunzi ataulizwa swali gani la kwanza, atakosea wapi, na mtajuaje kabla ya kengele kwamba ameelewa.

Katika mfano wetu tuliamua wanafunzi waweke x = 5 kwenye mistari yote miwili wapate wenyewe kwamba 3 − 2(x − 4) inatoa 1, wakati 3 − 2x − 8 inatoa −15, kisha waeleze ni kwa nini haziwezi kuwa sawa. Andalio lilijaa ukurasa mmoja. Kazi hii inasaidia pia katika mtaala ulioboreshwa, kwa kuwa unadai umahiri unaoonekana katika kazi ya mwanafunzi, na ni vigumu kuupanga peke yako usiku ukiwa na vipindi sita kesho.

## Hatua ya 6: Ingieni darasani

Somo la kwanza kutazamwa liwe la kiongozi mwenyewe. Asimtangulize kijana mgeni wala mwalimu anayesemwa kuwa dhaifu. Wenzake wakimwona akikwama mbele ya wanafunzi na akabaki na heshima yake, watakubali zamu zao.

Watazamaji wawili au watatu wanatosha, na madarasa yao yaachiwe zoezi chini ya uangalizi wa mwalimu asiye na kipindi. Wasikae nyuma kwenye mstari mmoja kama wathibiti ubora. Kila mmoja akae ubavuni mwa wanafunzi, achague watatu wa kuwafuatilia, na aandike walichofanya na dakika walipokifanya.

Sababu ya kukaa kati ya wanafunzi niliielewa siku moja katika kipindi cha baiolojia, mada ikiwa osmosisi, yaani namna maji yanavyopita kwenye utando wa seli. Mwalimu alikuwa hodari, na mchoro wake wa seli kwa chaki za rangi ulikuwa mzuri kuliko wa kitabuni. Binti wa dawati nililokaa aliunakili wote. Alipotakiwa kumweleza jirani yake kinachotokea, akanyamaza. Jirani yake, ambaye mama yake hutia sangara chumvi mwaloni, alimnong'oneza kwa Kiswahili kwamba ni kama samaki akishatiwa chumvi, maji yanamtoka. Hilo lilikuwa jibu bora kuliko yote yaliyotolewa darasani siku ile, na mwalimu aliyekuwa ubaoni asingeweza kulisikia. Kwenye mkondo uliofuata alianza kipindi kwa sahani yenye kipande cha samaki kilichotiwa chumvi tangu asubuhi, maji yakiwa yamejaa pembeni, na mchoro wa seli ukaja baada ya wanafunzi kuuliza maji hayo yametoka wapi.

Tahadhari. Mtazamaji asimsahihishe mwalimu mbele ya wanafunzi kwa neno wala kwa uso, hata kama kilichoandikwa ubaoni si sahihi. Asipige picha. Ubao wenye kosa ukifika kwenye kundi la WhatsApp la walimu, kazi ya muhula mzima imekwisha.

## Hatua ya 7: Zungumzeni siku hiyohiyo

Mazungumzo yawe ya nusu saa, kabla watu hawajaondoka. Mpangilio wake ni muhimu. Aliyefundisha azungumze kwanza, aeleze alichotarajia na alichokiona. Kisha kila mtazamaji asome alichoandika kuhusu wale wanafunzi wake watatu. Mwisho, wote wakubaliane jambo moja tu la kubadilisha.

Utakutana na vikwazo viwili, na vyote vinatokana na adabu yetu wenyewe. Cha kwanza ni "hongera sana Mwalimu, somo limekuwa zuri", ambayo husemwa kwa upendo na hufunga mazungumzo papo hapo. Cha pili ni kijana kushindwa kumwambia mzee chochote. Mwalimu wa miaka 25 hawezi, na pengine hapaswi, kumwambia mwenye umri wa baba yake kwamba alikosea.

Njia inayopita katikati ya hayo ni kuzungumza juu ya mwanafunzi. Sentensi zianze na "Niliona": "Niliona mwanafunzi wa dirishani akinakili kuanzia dakika ya 5 hadi ya 22 bila kufanya hesabu hata moja." Hapo hakuna aliyehukumiwa, na mzee mwenyewe ndiye atakayesema, "Kumbe niliongea muda mrefu hivyo." Kiongozi akisikia "ungepaswa", akatize kwa upole na kuomba alichokiona mtazamaji.

Mtajua mazungumzo yamekwenda vizuri pale aliyefundisha atakapotoka akiwa na wazo alilolipendekeza yeye.

## Hatua ya 8: Fundisheni tena, kisha pimeni

Mwalimu mwingine alifundishe somo lililorekebishwa kwenye mkondo mwingine ndani ya siku saba. Baada ya wiki mbili wapeni wanafunzi maswali matatu kwenye robo karatasi, mhesabu kwa mkono ni wangapi wanarudia kosa la awali, na idadi hiyo iandikwe chini ya sentensi ya Hatua ya 4.

Msisubiri matokeo ya Upimaji wa Kidato cha Pili wala ya mtihani wa Novemba wa Kidato cha Nne ndipo mjue mmefika wapi. Matokeo hayo huja mara moja kwa mwaka, yakiwa yamebeba mambo mengi mno kwa pamoja, na yanapofika wanafunzi wale wameshatoka mikononi mwenu. Kosa likiwa limepungua kidogo tu, andikeni hivyohivyo bila kupamba. Kaunta buku inayoonesha ushindi kila wiki haiaminiki.

## Hatua ya 9: Semina na wageni viingie kwenye mzunguko huu

Anayerudi kutoka semina kwa kawaida hutoa mrejesho kwa kusoma alichonakili, nasi tukasinzia. Badilisheni utaratibu: ndani ya siku kumi baada ya kurudi, afundishe kipindi kimoja akitumia jambo moja alilolipata, wenzake wakitazama kama katika Hatua ya 6. Hapo ndipo itajulikana kama jambo hilo linawezekana kwenye darasa lenye wanafunzi 70.

Wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Butimba wapo hapahapa jijini, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Malimbe. Mnapomwalika mkufunzi, mpeni sentensi yenu kutoka kwenye kaunta buku na karatasi za wanafunzi, mumwombe asaidie juu ya hilo. Bila hivyo ataleta mada ya jumla, na kosa halitakuwa lake.

Walimu wa mazoezi wanapokuja, shule nyingi huwakabidhi vipindi vyote na wenyeji wakapumzika. Ninaelewa uchovu huo, lakini tunawanyima vijana hao malezi, na tunajinyima macho ya ziada darasani. Wawekeni kwenye jumuiya tangu wiki ya kwanza, wakianza kama watazamaji.

## Hatua ya 10: Andaeni mrithi kabla ya barua ya uhamisho

Jumuiya nyingi hufa siku kiongozi anapohamishwa, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Kuanzia mwezi wa tatu wa jumuiya kiongozi asiendeshe vikao viwili mfululizo. Mwingine aendeshe, yeye akae na kunukuu. Kaunta buku isilale nyumbani kwa mtu yeyote.

Mwalimu mpya anaporipoti, mpeni kaunta buku hiyo wiki ileile, mumwoneshe ukurasa wenye kosa la kwanza mlilolifuatilia na hesabu zilizofuata chini yake, kisha mmwalike akae kati ya wanafunzi katika somo la mmoja wenu kabla hajakabidhiwa mzigo wake wote wa vipindi. Akimaliza, mwombeni asome alichoandika, akianza na "Niliona".